Mume wangu alifuata miwani, akarudi na karatasi ya presha

SWALI

Shikamoo daktari,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Uyole hapa Mbeya, nauza viazi na karoti Mwanjelwa. Mume wangu ana miaka 49, ni dereva wa semi, anapakia Dar es Salaam anashusha Lubumbashi. Kwao ni Kilolo, kwetu ni Tukuyu.

Tangu mwaka jana akipewa karatasi za mzigo anazisogeza mbali mpaka mkono unaisha. Nikamwambia, baba, hiyo ni miwani tu. Mwezi uliopita gari lilipokuwa gereji nikamsindikiza kwenye kliniki moja ya macho hapa mjini. Ubaoni alisoma herufi zote mpaka mstari wa chini kabisa, akanigeukia kwa majigambo. Mimi nikajua tunachukua miwani ya kusomea tunaondoka. Kumbe yule kijana aliyekuwa anampima akasema anataka kuangalia na nyuma ya jicho. Akamtia matone, tukakaa kama nusu saa, akamwingiza chumba cha giza akaanza kummulika. Alimmulika sana. Walipotoka akamwuliza mbele ya watu wote waliokaa kwenye benchi: "Mzee, presha yako unaijua? Sukari je? Ukifanya mchezo utapata stroku."

Mume wangu aliwaka. "Nimekuja na macho, wewe unaniletea habari za moyo!" Tukalipa, pamoja na hela ya matone ambayo hatukuambiwa mwanzoni, tukaondoka. Njiani nikamkokota mpaka duka la dawa akapimwe. Mashine ikasema 196 kwa 118. Akasema hiyo ni hasira. Kesho yake nikamkokota tena, 188 kwa 114. Akasema mashine mbovu.

Ile karatasi ya kliniki imeandikwa Kiingereza. Binti yangu wa kidato cha tatu alinisomea: mishipa imekuwa myembamba, mishipa imebanwa inapopishana, damu ndogondogo macho yote mawili, na "vidoa vya pamba" viwili jicho la kulia. Diski kawaida. Baba yao alicheka mpaka akapaliwa. "Pamba itoke wapi? Mimi nimekulia kwenye viazi na ulanzi. Pamba wakaulize Shinyanga." Tangu siku hiyo watoto wanamwita Baba Pamba, na yeye anaitikia.

Mimi sicheki. Shemeji yangu anasema presha ya macho ni ya kawaida tu, mama yake anayo miaka mingi, na ametuletea kichupa cha matone ya huyo mama tugawane. Halafu mama mkwe, huko Kilolo, ana kisukari huu mwaka wa tisa, anasema anaona ukungu, lakini anasubiri mtoto wa jicho "aive" ndiyo akafanyiwe operesheni. Hajawahi kutiwa hayo matone ya kumulikwa.

Naomba unisaidie. Kweli mtu anaweza kuona presha kwa kumulika jicho, au tumefanyiwa biashara? Akianza dawa si atanyang'anywa gari? Na je, nimpigie tajiri wake bila yeye kujua? Anaondoka tena Jumatatu. Safu yako huwa anaisoma kwenye simu akiwa foleni Tunduma, kwa hiyo ukijibu, jibu ukijua na yeye yupo.

Mama Pamba, Uyole

JIBU

Marahaba, Mama Pamba. Na kwa kuwa nakujibu nikiwa Iringa kwa wakwe zako, kamwene.

Barua yako haikungoja zamu. Presha ya 196 kwa 118 pamoja na damu kwenye macho yote mawili si jambo la kupangwa foleni na barua nyingine, ndiyo maana nilikupigia jioni ileile nikakwambia hospitali, leo, na karatasi hiyo iwe mkononi. Umenijulisha kwamba alilazwa siku mbili, mkojo wake ukakutwa na protini, sukari iko salama, akatoka na vidonge vya aina mbili. Na kwamba alipofika nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, aliuliza dozi inaisha lini. Basi leo nawajibu wote wawili, pamoja na yeyote mwenye karatasi ya namna hiyo aliyoikunja akaitia kwenye droo.

Hamkufanyiwa biashara. Yule kijana alifanya kazi kubwa kuliko hela mliyompa. Mtu anayesoma mpaka mstari wa chini hakuna anayemshuku. Wengi wangempimia miwani ya kusomea, wakasema asante, wakamwita mwingine. Alipokosea ni mdomo. Habari ya stroku haitangazwi kwenye benchi, na bei ya matone husemwa kabla ya matone. Mtu ukimwaibisha anabaki na aibu, maneno mengine yote yanampita. Nalisema hili nikiwa na doa langu mwenyewe: mwaka wangu wa kwanza kazini nilimweleza mwalimu mmoja ugonjwa wake mbele ya wanafunzi wawili waliomshika mkono kumleta. Hakurudi tena kwangu.

Sasa, aliona nini huko ndani?

Mishipa ya damu iko mwili mzima, lakini imefichwa. Ya figo huioni, ya ubongo huioni. Mahali pekee ambapo mtu anaweza kuitazama moja kwa moja, ikiwa hai na damu inapita, bila kisu, ni nyuma ya jicho. Kale kaduara keusi katikati ya jicho, mboni, ni tundu. Ukilipanua kwa matone ukamulika kwa kifaa chenye lenzi, mwanga unafika ukutani kwa ndani. Ukuta huo ndio retina. Rangi yake kwa macho yangu ni ya udongo wa Iringa ulionyeshewa, wekundu unaoelekea machungwa. Upande wa puani kuna duara la manjano lililofifia kama sarafu ya zamani: hiyo ndiyo diski, mahali neva ya kuona inapotokea kwenda kwenye ubongo. Kwenye sarafu hiyo mishipa inachomoza na kutawanyika kama mizizi, ateri, zinazoleta damu, zikiwa nyembamba na nyangavu, vena, zinazoirudisha, zikiwa nene na zenye giza kidogo. Mjerumani Hermann von Helmholtz alikitangaza kifaa cha kuangalia huko mwaka 1851, na tangu hapo madaktari wamekuwa wakisoma magonjwa ya mwili mzima wakiwa wamesimama mlangoni kwa jicho.

Ateri inayosukumwa na presha kubwa kwanza hujikaza, ikawa nyembamba. Miaka ikipita ukuta wake unanenepa na kuwa mgumu. Mwanga unaorudi kutoka kwake unabadilika, ateri inang'aa kama waya wa shaba, ikizidi inakuwa kama waya wa fedha. Halafu kuna pale ateri inapopita juu ya vena. Mahali hapo mishipa hiyo miwili imefungwa ndani ya ala moja, kama watu wawili kwenye blanketi moja la usiku wa Makete. Ateri ngumu inailalia vena, na ukiangalia unaona vena imekatika huku na huku ya makutano, mfano wa mpira wa kumwagilia bustani uliokanyagwa na ng'ombe. Hayo ndiyo binti yako aliyoyasoma kwamba mishipa imebanwa inapopishana.

Mumeo, ambaye kwangu mimi ni shemeji, alisema ni hasira. Shemeji, hasira inapandisha mashine ya mkononi, hilo ni kweli kabisa. Ila hasira ya asubuhi moja haikandamizi vena. Alama hiyo imechukua miaka kuandikwa, na imeandikwa ukiwa unajisikia mzima, unapanda Kitonga na tani zako mgongoni, unakula na kulala vizuri. Mashine ya duka la dawa unaweza kuiita mbovu. Jicho lako lilikuwa linaweka kumbukumbu kabla ya mashine hiyo.

Na pamba. Kicheko chako nakielewa, maana jina lenyewe ni la ajabu. Ukiangalia kwenye lenzi unaona kidoa cheupe, laini pembeni, hakina mpaka mkali, kama mtu ameng'oa uzi wa pamba akauacha juu ya udongo mwekundu. Si pamba na si uchafu. Juu ya retina kuna nyuzi nyembamba za neva zinazokwenda kwenye ile sarafu, na zinalishwa na mishipa midogo kuliko unywele. Mshipa mmoja wa aina hiyo ukiziba, nyuzi za hapo zinakosa damu na kuvimba. Kila kidoa cheupe ni mahali padogo palipokosa damu. Ukitaka lugha ya barabarani, ni stroku ndogo sana iliyotokea mahali pasipolalamika, na wewe ulikuwa nazo mbili. Zile damu ndogondogo nazo, kwa presha, mara nyingi zinafuata njia ya nyuzi hizo, zinachorwa kama ndimi za moto wa kibatari.

Kwa nini hukuhisi chochote? Retina haina neva ya maumivu. Na ubao wa herufi unapima sehemu moja tu ya katikati, inaitwa makula, ndogo kuliko punje ya mchele wa Kyela. Damu ikimwagika pembeni ya hapo, utasoma mpaka jina la kiwanda kilichochapa ubao.

Mwaka 1939 madaktari watatu wa Mayo Clinic huko Marekani, Keith, Wagener na Barker, waliandika juu ya wagonjwa wa presha 219 waliopangwa kwa madaraja manne kwa kuangalia nyuma ya jicho peke yake. Daraja la kwanza ni mishipa kuwa myembamba kidogo. La pili, makutano kubanwa. La tatu ni damu na vidoa vya pamba. La nne ni yale yote pamoja na ile sarafu kuvimba na kingo zake kufutika. Enzi hizo dawa za presha za maana hazikuwepo, kwa hiyo walikuwa wanatazama tu. Baada ya miaka mitatu, wa daraja la kwanza waliobaki hai walikuwa kama 70 katika kila 100. Wa daraja la nne walikuwa 6. Shemeji yuko la tatu. Yeye ana kitu ambacho wale watu hawakuwa nacho, nacho kiko kwenye kikopo cha plastiki juu ya kabati lenu, kwa hiyo asiihesabu kesho yake kwa hesabu za 1939. Lakini ajue alisimama wapi. Protini kwenye mkojo maana yake vichujio vya figo navyo vimeanza kuvuja, na mishipa ya figo na ya retina ni ndugu wa damu: linaloonekana kwa huyu linatokea kwa yule.

Dozi inaisha lini? Haiishi. Presha haitibiwi kama malaria, inashikwa kama breki, na wewe mwenyewe unajua kinachotokea mteremko wa Kitonga dereva akiachia breki kwa sababu gari lilikuwa limeshatulia. Vidonge ni vya kila siku, kichwa kiume kisiume. Wala usiongeze dozi siku uliyoruka ili "kufidia". Presha iliyozoea kuwa juu ikishushwa kwa kishindo, ubongo na neva ya jicho vinaweza kukosa damu, mtu akaamka haoni. Ndiyo maana pale hospitali walikushusha polepole kwa siku mbili, si kwamba walikuwa wazembe. Na kuna ile tabia ya kupasua kidonge cha nifedipini na kukiweka chini ya ulimi mtu akisikia presha imepanda. Nimeiona Makambako, nimeiona Mafinga. Iacheni kabisa.

Moja la wenye magari. Kama kimojawapo cha vidonge vyako ni cha kukojoza, nakujua utakiruka siku ya safari, maana mizani na foleni havikusubiri ukatafute kichaka. Usikiruke kimyakimya. Mwambie daktari wako kazi yako ni usukani, mpange saa ya kukinywa au abadilishe aina. Dawa za presha ziko nyingi, na daktari hawezi kukuhurumia kwa jambo hajui. Chumvi nayo: mwisho ni kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, kila kitu ndani. Supu ya asubuhi Ruaha Mbuyuni na kitimoto cha usiku Mafinga, ukivinyunyizia tena mezani, umeshapita kabla hujafika nyumbani. Na zile chupa za enaji za kufukuza usingizi, presha yako haizihitaji.

Mama Pamba, turudi kwako. Hicho kichupa cha shemeji yako mrudishie mwenyewe na shukrani. Hapa lugha yetu imetuponza, maana tuna neno moja kwa vitu viwili. Anachoumwa mama yake, tunachokiita presha ya macho, ni maji ya ndani ya jicho kukosa njia ya kutoka na kulikandamiza jicho; kwa kawaida kipimo chake hukaa kati ya 10 na 21, na ugonjwa wenyewe ni glakoma. Unakula neva ya kuona taratibu, na matone yake ni ya maisha. Anachoumwa mumeo ni presha ya damu, ile ambayo kwa kawaida ni 120 kwa 80, iliyoonekana kupitia jicho. Mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine. Matone ya mmoja hayamtibu mwingine, na baadhi yake, kama timololi, yakimwingia mwenye pumu yanaweza kumbana kifua vibaya. Dawa ya jicho haigawanwi, hata kama mnagawana chumvi.

Kuhusu gari. Karatasi ya nyuma ya jicho peke yake haimwondoi mtu kwenye usukani, na miaka yangu yote sijaona dereva aliyeachishwa kazi kwa kumeza amlodipini. Nimewaona walioachishwa na kiharusi. Siku moja tu ndiyo hapaswi kugusa usukani, hata wa bajaji: siku ya matone. Mboni ikipanuliwa, jua linachoma na vitu vya karibu vinakuwa na ukungu kwa saa kadhaa, wakati mwingine mpaka usiku. Apange kipimo siku gari liko gereji, kama alivyofanya bila kujua.

Kumpigia tajiri nyuma ya mgongo, hapana. Najua nia yako ni njema, lakini akigundua atakachokumbuka ni kwamba ulimsema, na vidonge vitatupwa pamoja na kuaminiana kwenu. Mpe siku kadhaa. Nunueni mashine ya mkononi, ile ya kuvaa juu ya kiwiko, siyo ya kifundo. Apime asubuhi kabla ya vidonge, akiwa amekaa na kutulia dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, aandike kwenye daftari analoandikia mafuta ya gari. Ikikaa chini ya 140 kwa 90, daktari wake ataridhika kuanzia hapo. Ikirudi 180 kwa 120 au zaidi, au akipata kichwa kinachopasuka, ukungu wa ghafla, ganzi upande mmoja au maneno kukwama, hiyo si ya kufika Tunduma kwanza. Ni hospitali iliyo karibu na hapo alipo. Akikataa kupima, akakataa dawa, na bado anapanda gari kila Jumatatu, niandikie tena. Hapo nitakuwa na jibu jingine kuhusu tajiri, kwa sababu barabara ile haipiti yeye peke yake.

Mama mkwe ndiye anayenitia wasiwasi sasa, labda kuliko Baba Pamba. Kisukari miaka tisa na hakuna aliyemwangalia nyuma ya jicho! Mwenye kisukari cha ukubwani huangaliwa siku anayogundulika, kisha kila mwaka, hata kama anaona mpaka kijiji cha pili, kwa sababu siku ile tunayokiita kipya kinakuwa kimeshakaa mwilini muda mrefu. Kwenye retina yake tunatafuta vitu tofauti na vya mwanawe: vijishipa vilivyovimba kama vitone vyekundu vya ncha ya sindano, damu za duara zilizo ndani zaidi, na vipande vya manjano vilivyong'aa kama siagi iliyoganda, ambavyo ni mafuta ya damu yaliyovuja. Vikikaribia makula, ndipo ukungu unapoanza. Hatua mbaya zaidi ni retina yenye njaa ya damu kuotesha mishipa mipya. Unasikia mishipa mipya ukafurahi, lakini hiyo ni kama miti iliyoota juu ya bati: myepesi, inapasuka, inajaza jicho damu, au inaivuta retina mpaka inabanduka. Kuna leza ya kuizuia, na kuna sindano za ndani ya jicho za kukausha uvujaji. Zote zinalinda kilichobaki vizuri kuliko kurudisha kilichopotea.

Sasa yeye anasubiri mtoto wa jicho aive. Hayo ni ya zamani, siku hizi hakuna anayesubiri ukomavu. Na mtoto wa jicho akinenepa sana, sisi tunaoangalia kutoka nje tunakuwa kama mtu anayechungulia nyumba yenye pazia: hatujui ndani kuna nini. Anaweza kutolewa mtoto wa jicho vizuri kabisa na bado asione, kwa sababu tatizo lilikuwa ukutani nyuma, kisha kijiji kizima kikasema operesheni ilimpofusha. Mpelekeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Iringa mjini, atiwe matone macho yote mawili, aangaliwe kinachoonekana. Wakikuta kinahitaji mtaalamu wa retina, watawaandikia barua ya kwenda mbele, labda Muhimbili, labda KCMC Moshi. Mwendo ni mrefu na nauli ni hela. Ni afadhali iende kwenye safari moja ya mapema kuliko tatu za kuchelewa.

Kwa wengine mnaosoma, si presha na sukari peke yake zinazoandika huko nyuma. Huku kwetu Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa iliyoongoza kwa maambukizi ya VVU katika utafiti wa taifa wa 2022–2023, Njombe ikiwa na asilimia 12.7 ya watu wazima. Mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, CD4, yaani hesabu ya seli za kinga, chini ya 50, anaweza kupata kirusi kiitwacho saitomegalo kwenye retina, ambayo huonekana kama mayai yaliyokaangwa na nyanya; anaanza kwa kuona vijidoa vinavyoelea, na akichelewa wiki chache jicho limekwenda. Mjamzito anayeona nyota na giza kwa ghafla apimwe presha saa hiyohiyo, kifafa cha mimba kinaweza hata kuibandua retina, na jambo zuri ni kwamba mara nyingi inarudi yenyewe baada ya kujifungua. Damu zenye kitovu cheupe katikati hutupeleka kuangalia moyo na seli za damu. Na wenzetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa, pale Blantyre, wamesaidia kuonyesha kwamba mtoto aliyezimia kwa malaria ya ubongo ana alama zake kwenye retina, weupe wa ajabu na mishipa iliyobadilika rangi, zinazomtofautisha na aliyezimia kwa jambo lingine huku akiwa na vijidudu vya malaria tu kwenye damu. Ile sarafu nayo ikivimba macho yote mawili kwa mtu mwenye kichwa kisichokoma, hata presha yake ikiwa nzuri, tunaanza kufikiria ubongo, na huyo harudi nyumbani siku hiyo.

Shemeji, baada ya miezi miwili au mitatu rudi umulikwe tena, pale pale au kwingine unapoona pana heshima. Waombe wapige picha. Siku hizi hata simu yenye kifaa cha kupachika inafanya. Ukiwa umezinywa dawa, damu zile zitakuwa zimefyonzwa na vidoa vya pamba vimefutika. Makutano yaliyobanwa yatabaki, hayo ni kovu, usidanganywe na mtu kwamba kuna mzizi wa kuyanyoosha. Kukiwa na pamba mpya, mimi nitajua na wewe utajua, hata daftari lako liwe limejaa namba nzuri.

Na miwani, iliyoanzisha yote haya, naona katika barua nzima hakuna aliyeikumbuka tena. Macho yake ya mbali ni mazima, ya karibu yamechoka kwa umri kama ya kila aliyepita miaka 40. Siku hiyo ya kurudi wamalizie kazi: wampimie kabla ya matone, wampe ya kusomea tu, asiendeshee. Mkono wake nao upumzike kushika karatasi za mzigo mbali.